Mapango ya Amboni

Mapango ya Amboni ni mapango ya mawe ya chokaa yaliyo kaskazini mwa jiji la Tanga, Tanzania, kilomita chache kutoka mjini, jirani na barabara kuu iendayo Mombasa. Miamba yake ni ya kipindi cha Jura, na maji ndiyo yaliyoitoboa polepole, yakiyeyusha chokaa kupitia nyufa. Kwa jumla yapo mapango kumi, lakini wageni hutembezwa katika moja tu.

Ndani hakuna taa. Mwongozaji hutangulia na tochi. Kuna mahali pa kuinama hadi magoti yakaribie kidevu, kisha ghafla ukumbi mrefu wenye popo darini. Mwongozaji humulika miamba na kuonyesha maumbo: kochi, mamba, tembo. Mengine yanahitaji hisani ya mtazamaji. Kipo pia chumba cha mzimu, ambamo watu huacha sadaka na kuomba, wengi wao wakitafuta uzazi. Mgeni hupita hapo kwa adabu.

Masimulizi ya wenyeji hudai njia za chini hufika Mombasa, hata Kilimanjaro. Inasimuliwa pia kwamba Osale Otango, aliyesakwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1950, alijificha humo. Habari ya Mombasa haina msingi: upimaji wa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote lina urefu wa mita 900 hivi.

Mgeni avae viatu visivyoteleza.