Mbio za Marathoni za Lewa

Mbio za Marathoni za Lewa ni mbio za miguu zinazofanyika kila mwaka, aghalabu Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Juni, ndani ya Hifadhi ya Wanyamapori ya Lewa katika Kaunti ya Meru, upande wa kaskazini wa Mlima Kenya, pale ambapo mashamba ya ngano ya Timau hukoma na nchi kavu inayoteremkia Isiolo na Samburu huanza. Ziliasisiwa mwaka 2000 kwa shauri la hifadhi yenyewe na Tusk, shirika la hisani la Uingereza linalosaidia uhifadhi wa viumbe barani Afrika, na kwa miaka mingi zilitajwa kwa jina la Safaricom, kampuni ya simu iliyozidhamini. Tangu awali makusudio yake yalikuwa kukusanya fedha za kulinda wanyama na kuwafaa wenyeji wanaopakana nao, wala hazikuanzishwa kwa ajili ya kuvunja rekodi.

Njia ya mbio ni mzunguko wa kilomita 21 katika barabara za vumbi na changarawe, na mwenye kukimbia marathoni kamili huuzunguka mara mbili. Watoto wana mbio zao za kilomita 5. Mwinuko wa mahali hapo ni kadiri ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, miinuko haiishi, na jua likishapanda hakuna kivuli ila cha migunga michache; kwa hiyo hata bingwa mwenye sifa hutumia muda mrefu zaidi hapa kuliko katika barabara za lami za London au Berlin. Hakuna ua unaomtenga mkimbiaji na tembo, nyati au simba. Kabla ya mbio kuanza, na muda wote zinapoendelea, ndege na helikopta huruka juu ya njia ili kuwaondoa wanyama kwa upole, na askari wenye silaha huwekwa kandokando ya njia.

Lakini linalozipambanua mbio hizi na nyinginezo ni ardhi yenyewe. Msomaji wa Embu au wa Chuka, aliyeuzoea mlima wa majani chai, kahawa na mito isiyokauka, akisafiri kwa barabara ya Meru na kuzunguka hadi Lewa, huuona uso mwingine wa mlima ule ule: nyasi za rangi ya majivu, mabonde makavu, na chemchemi chache ambazo uhai wote umejikusanya kuzizunguka. Maji hayo ndiyo yaliyowavuta watu tangu dahari. Ndani ya hifadhi pana mahali ambapo zana za mawe za utamaduni wa Acheul, yaani mashoka ya mkono yaliyochongwa na viumbe waliotangulia binadamu wa leo, zimetapakaa juu ya ardhi mamia ya maelfu ya miaka baada ya kuachwa hapo.

Waliofuata, katika zama tunazozikumbuka, walikuwa wafugaji wa Kimaasai, na majina ya mito kama Ngare Ndare na Ngare Sergoi yangali ushahidi wao. Mkataba wa 1904 uliwaahidi Wamaasai malisho ya Laikipia, yanayopakana na Lewa, na ule wa 1911 ukawaondoa huko kwenda kusini, ili nchi ipate kugawiwa walowezi. Ni jambo la haki kulitaja hili kila inaposimuliwa habari ya Lewa, maana aghalabu historia yake huanzishwa mwaka 1922, ukoo wa akina Craig ulipoanza kufuga ng'ombe hapo, kana kwamba kabla ya hapo palikuwa patupu.

Sura ya uhifadhi ilifunguka katika msiba. Faru weusi wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 20,000 hivi mwaka 1970, walikuwa wamepungua hata wasifike 400 miaka ya themanini ilipokuwa ikielekea kwisha, kwa sababu ya biashara ya pembe. Mwaka 1983 Anna Merz, mwanamke wa Kiingereza, alitoa mali yake ili David na Delia Craig watenge ekari 5,000 za ranchi yao na kuzizungushia ua, pakawa maskani ya faru ya Ngare Sergoi. Jambo likakua hata mwaka 1995 ranchi nzima ikageuzwa kuwa hifadhi isiyo ya kujipatia faida, ambayo leo ina ekari zipatazo 62,000. Humo wamo faru weusi na weupe, na pia punda milia wa Grevy, mwenye milia myembamba na masikio mapana, ambaye ni adimu duniani.

Mwaka 2011 ilifunguliwa njia ya tembo ya kilomita 14 hivi, inayopita chini ya barabara kuu ya Nanyuki na Meru na kuwaunganisha tembo wa mlimani na wale wa msitu wa Ngare Ndare na Lewa. Na mwaka 2013 UNESCO iliipanua sehemu ya Urithi wa Dunia ya Mlima Kenya, iliyoorodheshwa mwaka 1997, hata ikaingiza Lewa na msitu huo.

Fedha za mbio, zinazotokana na ada, wadhamini na michango ya timu za makampuni, huenda kwa ulinzi wa wanyama, na kadhalika kwa shule, zahanati na miradi ya maji ya vijiji jirani. Sehemu hii ya pili ndiyo yenye uzito zaidi kwa rai yetu, kwa kuwa ua wa umeme hauwezi kumlinda faru daima ikiwa jirani wa nje ya ua haoni fungu lake katika uhai wa mnyama huyo.

Msomaji atakayekwenda Lewa kukimbia, au kuwashangilia wanaokimbia, tunamsihi asirudi siku ile ile. Na alale, kisha kesho yake aombe kupelekwa penye mashoka ya mawe, ayatazame bila kuyagusa, na ayaache pale pale yalipo.