Kichwamaji: Riwaya ya mapenzi, msiba na akili iliyolemewa

Kichwamaji ni riwaya ya pili ya Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa Tanzania aliyezaliwa mwaka 1944 kijijini Namagondo, kisiwani Ukerewe, na kufariki Januari 2020. Ilichapishwa mwaka 1974. Ukerewe imo katika Ziwa Victoria, ziwa lilo hilo linalopokea maji ya Mto Nzoia baada ya kupita Webuye, na msomaji wa Bungoma au Kitale hatayaona mageni maisha ya kijiji yanayosimuliwa humo.

Msimulizi ni Kazimoto, kijana wa chuo kikuu. Manase, mwenzake wa zamani ambaye sasa ni Mkuu wa Wilaya, anampa mimba Rukia, dadake Kazimoto. Rukia anafariki, na mama yao hakawii kumfuata. Kazimoto anapania kulipiza kisasi kupitia kwa Sabina, dadake Manase, lakini anaishia kumpenda na kumwoa. Penzi lililoanzia katika chuki! Hata hivyo ni penzi la kweli, na uchungu wa riwaya umo humo, kwani halitoshi kumwokoa. Mtoto wao anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, naye Kazimoto anajitoa uhai.

Hivyo anwani ina maana mbili: kichwa cha mtoto, na kichwa cha baba kilichovurugika.

Wahakiki wamezoea kuiainisha riwaya hii chini ya udhanaishi, falsafa inayohoji maana ya kuishi. Hawajakosea, Kazimoto hachoki kuuliza maswali kuhusu Mungu, kifo na elimu aliyoipata. Ila darasani falsafa hiyo hugeuka pazia. Nyuma yake yumo kijana aliyefiwa mara mbili kwa mfululizo, asiye na wa kumfungulia moyo, na ambaye maswali yake yanazidi kuwa makali kadiri msiba unavyomwelemea. Huo ni ugonjwa pia, wala si hoja tupu.

Usomaji wa namna hii una uzito nchini Kenya, ambako kujaribu kujiua kulihesabiwa jinai hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinakiuka Katiba.

Atakayeipenda Kichwamaji aitafute pia Rosa Mistika ya mwaka 1971, ambamo Kezilahabi alikuwa amekwisha kumfuata msichana kutoka barua ya kwanza ya mapenzi hadi mwisho kama huo.