Jinsi tarakilishi inavyohifadhi herufi za lugha mbalimbali

TARAKILISHI haijui herufi. Hujua nambari pekee. Kila herufi unayoipiga chapa ina nambari yake, ambayo mashine huihifadhi kwa tarakimu za sifuri na moja.

Mfumo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka wa 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu. Zilikitosha Kiingereza, na hata Kiswahili hakikupungukiwa. Lakini Kikuyu na Kikamba, lugha zenye irabu saba, ziliachwa bila ĩ na ũ. Mataifa mengine yalijibunia mifumo yao, ikawa nambari moja yawakilisha herufi hii hapa na nyingine kule.

Suluhu ilikuwa Unicode, orodha iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka wa 1991. Humo ĩ ni 297 nayo ũ ni 361, popote duniani. Sasa ina alama zaidi ya 150,000, zikiwemo za hati za Kiarabu, Kihabeshi na Kichina.

Nambari hizo aghalabu huhifadhiwa kwa UTF-8, mfumo uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka wa 1992. Herufi za ASCII huchukua baiti moja. Ĩ na ũ huchukua mbili. Hivyo jina Ngũgĩ, lenye herufi tano, huchukua baiti saba. Programu ikilisoma kwa mfumo wa zamani, huonyesha NgÅ©gÄ©.

Ukikumbana na hali hiyo, usikimbilie kusahihisha kwa mkono na kuandika Ngugi, kwani utapoteza irabu mbili. Fungua upya waraka kwa UTF-8, na jina litarejea lilivyokuwa.