Picha za kampuni, picha zetu

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Iliacha picha nyingi: mashimo, viwanda, wafanyakazi waliopangwa mstari. Mara nyingi kiwanda kinatambulika, lakini mtu aliyesimama mbele yake hana jina.

Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali zake, ikazaliwa kampuni iliyokuja kuitwa Gécamines. Miaka mingi baadaye Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alizipata baadhi ya picha hizo. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka 2006, alikata sura za wafanyakazi wale, akaziweka juu ya picha alizopiga mwenyewe za viwanda vilivyokufa. Mzee wa zamani anasimama penye kutu, anatutazama. Lakini mkasi haurudishi jina.

Hapa Kolwezi jambo hilo linatugusa. Kasulo, mwaka 2014, watu walikuta kobalti chini ya nyumba zao. Mwaka 2017 familia zilihamishwa ili eneo lizungushiwe ukuta na kuchimbwa. Sasa picha ya harusi, au ya mtoto mlangoni, ndiyo inayoonyesha nyumba ilivyokuwa, mti wa uani, njia ya kwenda kwa jirani.

Wazazi mliohama, zitoeni picha hizo. Nyuma yake andikeni: nani huyu, mtaa gani, avenue gani, mwaka gani. Wazee wangali hai, waulizeni leo.