Pumzi ya jiwe la kijani

Katika wilaya ya Kenya, hapa Lubumbashi, kuna papa mmoja, yaani mzee, anayechonga malakiti, jiwe la kijani la shaba. (Msomaji wa Nairobi asishangae: Kenya yetu ni sehemu ya mji huu, ina soko lake na uwanja wake wa mpira, na majirani zake ni Kamalondo na Katuba.) Analikata jiwe, analisugua kwenye gurudumu, anatoa kobe, shanga na visahani vya majivu ya sigara. Chini ya benchi lake vumbi la kijani hurundikana kama unga chini ya kinu. Siku moja nilimwomba vijiko vitatu vya vumbi hilo, nikalitia kwenye bilauri na kulimwagia asidi ya betri kidogo kidogo. Lilichemka bila moto. Povu lilipanda likivuma kama soda iliyotikiswa. Nikawasha kiberiti, nikakishusha taratibu ndani ya bilauri. Kabla hakijaligusa povu, moto ukazimika.

Kilichouzima ni hewa ukaa. Kilo moja ya malakiti safi ina karibu gramu 200 za hewa hiyo, imefungwa humo pamoja na shaba na maji. Maji ya mvua yenye hewa ukaa yaliposhuka na kupenya kwenye miamba ya shaba, hewa ikashikwa, ikawa jiwe, ikakaa mamilioni ya miaka bila kumsumbua mtu.

Nimeanzia hapo kwa sababu jambo linalozungumzwa sana duniani siku hizi, la kunasa hewa ukaa ya viwandani na kuizika chini kabisa ya ardhi, hutufikia kama ufundi wa kigeni usiotuhusu. Linatuhusu. Ardhi yetu ya Katanga ilikuwa na hewa hiyo mikononi, nasi tumetumia zaidi ya karne moja kuifungulia.

Wa kwanza kuifungulia walifanya hivyo kwa kiasi. Mababu wa Basanga na Bayeke, wale walioitwa wala shaba, waliyeyusha malakiti wakati wa kiangazi, mashamba yakiwa yamepumzika. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, makaa yalitoka kwenye miti migumu ya miombo, na upepo ulitoka kwenye mivukuto ya ngozi. Jiwe la kijani likipata joto hutoa maji na hewa yake, likageuka jeusi. Makaa yakizidi kuwaka huondoa kilichobaki, na shaba nyekundu hutiririka. Ilimiminwa kwenye kalibu zenye umbo la msalaba, na misalaba hiyo ikanunua bidhaa na kulipa mahari mbali sana na hapa.

Kisha ikaja kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, reli kutoka kusini ikafika Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1910, na tarehe 30 Juni 1911 tanuru la Lubumbashi likamimina shaba yake ya kwanza. Mawe yalitoka mgodi wa Étoile, karibu na mji. Makaa ya mawe yalitoka Wankie, ambayo leo ni Hwange nchini Zimbabwe, yakivuka Zambezi kwa treni kwenye daraja la Victoria. Tani moja ya koki ikiungua huungana na oksijeni ya hewani, na kinachopaa kinafika karibu tani tatu za hewa ukaa. Hakuna aliyeihesabu. Haina rangi, hainuki, na wakati ule haikuwa na jina kwenye daftari la mhasibu yeyote.

Moshi ulioonekana ulikuwa na kisa chake. Miaka ya 1920 mgodi wa Kipushi ulianza kuleta mawe ya namna nyingine, yenye salfa nyingi, na yalipoyeyushwa yalitoa gesi kali inayokereketa koo. Dawa ya wahandisi wa enzi hizo ilikuwa urefu. Dohani yetu ya takriban mita 150, ambayo inaonekana karibu kila pembe ya mji na ambayo wachoraji wa Lubumbashi wameichora kwenye vitambaa mara zisizohesabika pamoja na mlima mweusi wa mabaki ulio kando yake, kazi yake ilikuwa kuubeba moshi juu na kuukabidhi kwa upepo. Upepo wa kiangazi hapa huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki. Basi upande wa kaskazini-magharibi, kuelekea Penga Penga, ndio ulioupokea. Watafiti wa mimea wameeleza jinsi miti ya miombo ilivyokufa huko, udongo ukabaki na shaba, kobalti na zinki kiasi cha kuruhusu nyasi chache tu kuota. Moshi ulihama mtaa.

Nasema hivyo nikijua watu wa mji huu wanaupenda moshi ule, na nina sababu ya kuuheshimu upendo huo. Dohani ilipofuka, mshahara ulitoka, unga ulifika nyumbani, hospitali ya kampuni ilikuwa na dawa. Serikali ya Mobutu iliitaifisha Union Minière mwaka 1967, na kampuni iliyozaliwa, ambayo baadaye iliitwa Gécamines, ilifikia zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, na miaka michache baadaye uzalishaji haukufika hata tani 50,000. Anga ikawa safi na sufuria zikawa tupu. Mtu asiyejua historia hii akija kutuhubiria ubaya wa moshi, atasikilizwa kwa adabu na kusahauliwa papo hapo.

Salfa hatimaye ilipata kizuizi, na njia iliyopatikana inafaa kutazamwa kwa makini. Gesi ya salfa ikinaswa hugeuzwa asidi, na asidi ni mali huku kwetu, kwa kuwa ndiyo inayoyeyusha shaba na kobalti kutoka kwenye mawe. Kiwanda kipya cha Kamoa-Kakula, karibu na Kolwezi, kimejengwa kutoa hadi tani 500,000 za shaba kwa mwaka na kunasa gesi yake hadi ipatikane asidi tani 700,000. Gesi iliyoua miti sasa inapimwa na kuuzwa.

Hewa ukaa haina mnunuzi wa namna hiyo, isipokuwa wachache kama viwanda vya soda na visima vya mafuta vilivyochoka. Mwaka 1972, huko Texas, makampuni yalianza kuisukuma kwa wingi ndani ya uwanja wa mafuta wa SACROC ili kuyakamua mafuta yaliyogoma kutoka. Lengo lilikuwa mafuta, wala si kuisafisha anga. Aliyebadilisha jambo ni mtoza ushuru. Mwaka 1991 Norway iliweka kodi kwa hewa ukaa inayotolewa baharini kwenye mitambo ya mafuta na gesi. Gesi ya uwanja wa Sleipner ilikuwa na karibu asilimia 9 ya hewa ukaa, ambayo ilibidi itolewe kabla ya kuuzwa. Kuipeperusha kungeleta ankara kila mwaka. Kampuni ya Statoil ikaona ni nafuu kuizika, na kuanzia 1996 ikaishusha, kwa miaka mingi kiasi kinachokaribia tani milioni moja kwa mwaka, kwenye mchanga wa Utsira, unaofikia kama mita 1,000 chini ya sakafu ya bahari.

Kina hicho hakikuchaguliwa ovyo. Kuanzia karibu mita 800 kwenda chini, joto na mgandamizo huibana hewa ukaa mpaka inakuwa nzito karibu kama kimiminika, na nafasi inayochukua hupungua mara mamia. Hukaa kwenye vitundu vidogo vya jiwe la mchanga, kama maji kwenye sifongo. Juu yake lazima pawe na mwamba usiopitisha kitu. Mwamba huo ukipasuka, kazi yote imepotea.

Afrika haikukaa nje ya majaribio haya. Mwaka 2004, katika Sahara ya Algeria, mahali paitwapo Krechba katika eneo la In Salah, Sonatrach, BP na Statoil walianza kurudisha ardhini hewa ukaa iliyotolewa kwenye gesi asilia. Jiwe lao la mchanga lilikuwa jembamba, kama mita 20, karibu kilomita mbili chini. Wakatumia setilaiti kuutazama uso wa jangwa. Uso ulikuwa ukiinuka. Ni milimita chache tu kwa mwaka, lakini zilionyesha kwamba huko chini mgandamizo unasukuma kwa nguvu, na wasiwasi ukahamia kwenye mwamba kifuniko. Mwaka 2011 wakasimamisha, wakiwa wamezika karibu tani milioni 3.8. Kwangu mimi hiki ndicho kisa muhimu kuliko cha Norway. Walitazama, wakaona dalili, wakafunga bomba. Dohani yetu haikuwa na mtu wa kuitazama kwa namna hiyo.

Wakongomani wa mashariki hawahitaji kuelezwa kwa nini kutazama ni lazima. Watu wa Goma wana neno lao, mazuku, kwa hewa ukaa ya volkano inayotuama kwenye mabonde ya mawe ya lava. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu, kwa hiyo hulala chini, kimo cha mbuzi, kimo cha mtoto aliyetumwa kuokota kuni. Ziwa Kivu lenyewe limebeba kilomita za ujazo zipatazo 300 za hewa hiyo kwenye vilindi vyake. Na wote wanakumbuka Ziwa Nyos la Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, lilipoiachia ghafla na kuua watu takriban 1,700 vijijini. Hifadhi hizo ni za maji na mashimo, tofauti na jiwe lililo kilomita chini, na wanajiolojia wana haki ya kulisisitiza hilo. Lakini anayekuja kuomba ardhi ya watu aizikie hewa, ataulizwa habari za mazuku kwanza, na ajibu bila kukasirika.

Jibu lenye nguvu zaidi limetoka Iceland. Kwenye mtambo wa umeme wa jotoardhi wa Hellisheiði, mradi wa CarbFix uliyeyusha hewa ukaa ndani ya maji na mwaka 2012 ukaanza kuishusha kwenye basalti, jiwe jeusi la volkano. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016: zaidi ya asilimia 95 ilikuwa imegeuka madini katika muda usiozidi miaka miwili. Pampu ya kisima cha uchunguzi ilikwama. Walipoivuta juu waliikuta imegandwa na kalisaiti, hewa ya jana iliyokwisha kuwa jiwe. Ni njia ileile iliyotupatia malakiti, ila wao waliisubiri miezi.

Basalti haikosekani Afrika Mashariki. Ndiyo maana kampuni ya Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, inajenga mashine za kunasa hewa ukaa moja kwa moja kutoka angani, na imeshirikiana na kampuni ya Cella, inayotaka kuizika kwenye miamba ya Bonde la Ufa. Nguvu yao ni jotoardhi, ambayo nchi ya Kenya ilianza kuzalishia umeme Olkaria mwaka 1981. Olkaria hiyohiyo ina jamii za Wamaasai zilizohamishwa mwaka 2014 kupisha mtambo wa nne, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia. Mvuke safi nao una watu waliokuwa wakikaa juu yake.

Na Katanga? Miamba yetu ni mikongwe na imekunjwakunjwa, na hakuna kisima cha kuzikia hewa. Tunachoma chokaa kutoka kwenye mawe ya Kakontwe, karibu na Likasi, kwa ajili ya viwanda vya shaba na kobalti, na kila tani ya jiwe safi la chokaa huachia kilo 440 za hewa ukaa, kabla ya kuhesabu kuni au makaa yaliyolichoma. Shaba yetu inakwenda kwenye nyaya za magari ya umeme ya nchi zinazojisifu kwa anga safi. Bei wanayolipa haina senti ya kuihifadhi hewa iliyotoka huku. Naona hiyo ni dhuluma, na nadhani mikataba ijayo ya madini ingepaswa kuitaja kwa tani, kama inavyoitaja shaba.

Nilimweleza papa yale yote tukiwa tumekaa kwenye benchi lake, bilauri ikiwa kati yetu. Povu lilikuwa limekwisha na maji yamekuwa ya buluu, safi kabisa. Akaokota msumari wa chuma sakafuni, akautumbukiza. Baada ya dakika chache akauvuta kwa uzi: ulikuwa umevaa ngozi nyekundu. Akaufuta kwa kidole, akautazama kwenye mwanga.

“Mwana,” akasema, “shaba tumeiona. Na ile mupepo?”

Nikatazama juu. Dirisha lilikuwa wazi.