Nani Mtendaji wa Historia Katika Sinema?

Mtunzi wa sinema ana haki ya kubuni mazungumzo ya faragha. Hana haki ya kubadili mtendaji wa historia. Filamu ya The Last King of Scotland (2006), iliyotokana na riwaya ya Giles Foden, inamweka daktari kijana wa Uskoti, Garrigan, ubavuni mwa Idi Amin. Garrigan ni mtu wa kubuniwa. Humo Kay Amin anauawa kwa sababu ya mapenzi yake na Mzungu huyo. Kay halisi alikufa mwaka 1974, mwili wake ukakutwa umekatwakatwa. Aliyesemekana kuwa mpenzi wake ni daktari Mganda, Mbalu-Mukasa, naye akafa wakati huohuo. Mganda kafutwa hata katika msiba wake! Hiyo ndiyo kasumba.

Whitaker aliigiza barabara, na Oscar alistahili. Lakini hadithi inakoma Entebbe, 1976, Mzungu akiondoka salama kwa ndege. Vijana ninaowafundisha hapa Kihonda huuliza: Amin aling'olewa na nani? Mgambo waliotoka mashambani baada ya uvamizi wa Kagera, Oktoba 1978, na wapiganaji wa Uganda walioingia Kampala pamoja na JWTZ, Aprili 1979, hawamo.