Sifa ya Biharamulo Baada ya Msiba

Mgeni haingii nyumba yenye sifa mbaya, ijapokuwa imepakwa chokaa mpya. Na nchi nazo ni vivyo hivyo. Tuitazame Biharamulo na jirani yake Ngara, huko Kagera, tupate mazingatio.

Mwaka 1994, kwa sababu ya mauaji ya Rwanda, wakimbizi wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Watu wenye njaa hawalaumiwi. Lakini miti ilikatwa kwa kuni, na wanyama wa mapori ya Burigi na Biharamulo wakawindwa kwa kitoweo. Ilipita robo karne ndipo, mwaka 2019, mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yalipounganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ili watalii waje na wenyeji wapate riziki.

Hifadhi haijatimiza miaka sita, msiba mwingine ukaingia. Tarehe 14 Januari 2025 Shirika la Afya Duniani lilieleza shaka ya ugonjwa wa Marburg Kagera. Serikali ikajibu kwamba vipimo havikuuonyesha. Tarehe 20 Januari Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza mwenyewe kuwa upo Biharamulo. Wagonjwa kumi walihesabiwa, wawili wakiwa wamethibitishwa na wanane wakidhaniwa, na wote walifariki. Tarehe 13 Machi ikatangazwa kuwa umekwisha.

Ndugu msomaji, tangazo la Machi liliaminiwa kwa ajili ya lile la Januari. Asiyekiri kuwa anaumwa, nani atamsadiki akisema amepona?

Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono katika lundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Mwenyewe akasema ni mvua. Mtume hakumlaumu kwa mvua, bali kwa kuficha palipolowa. Basi mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Kuficha ni kwetu sisi.

Watu wa pwani tunaoishi kwa wageni, jambo hili latuhusu. Likitokea baya kwetu, tusiseme "hakuna kitu" kwa kuogopa vyumba vitupu. Kadhalika, tumekatazwa kuingia penye tauni. Lakini ikisha kuondoka, kuendelea kuwaepuka watu wa Biharamulo ni kuwadhulumu. Wabillahi tawfiq.